Lenzi moja ya kila siku kwa laki tano: 18-135 au 18-200? Nipo Tanga

#1 MtotoWaChumbageni
Wakuu salaam. Nina Canon 700D na lenzi iliyokuja nayo, ile 18-55 (milimita: namba ndogo huona pana, kubwa huvuta mbali). Mitaani Ngamiani inanitosha, lakini nikimwona mzee amekaa barazani ng'ambo ya barabara lazima nivuke, na nikishavuka ameshajikaza anasubiri kupigwa. Raskazone ndiyo kabisa, jahazi linaingia na mimi naambulia maji na mawingu.

Sipigi kwa biashara. Ni familia, mtaa, pwani, na tukijaliwa mwaka huu tunakwenda Saadani na watoto. Bajeti laki tano, nikijibana sana laki tano na nusu. Kuna jamaa ana Canon 18-135 ya mtumba, anataka laki nne na themanini. Mwingine ana Tamron 18-200, bei yake iko chini na karibu ni mpya. Nataka lenzi MOJA nifunge nisahau. Sitaki kubeba begi. Ipi?

#2 MkongeDaima
18-200 bila kufikiri. Inavuta mara 11, hiyo nyingine mara 7 tu. Utakaa Raskazone unahesabu ndevu za mtu aliyeko kisiwa cha Toten.

#3 MwalimuMstaafu
Mkonge, hiyo 11 ni 200 kugawa kwa 18. Inakwambia uwiano wa mwanzo na mwisho wa lenzi yenyewe, haikwambii inafika wapi. Canon 55-250 inavuta mara nne na nusu tu, na bado inakwenda mbali kuliko hizo zote mbili. Kinachokusogeza ni namba ya mwisho. Kutoka 55 aliyonayo mleta mada hadi 135, kitu kinakuwa kikubwa karibu mara mbili na nusu. Kutoka 135 hadi 200 ni kama mara moja na nusu. Mruko mkubwa ni ule wa kwanza.

#4 MkongeDaima
Mwalimu wewe hukustaafu, ulihamishwa kituo. Lakini 200 bado ni kubwa kuliko 135, au mtaala umebadilika?

#5 BiKamera
Kura yangu 18-135. Napiga harusi, zaidi upande wa akina mama, hapa mjini na Muheza. Hiyo lenzi inakaa kwenye kamera tangu bibi harusi anapigwa singo hadi anatolewa. Kama ni ile yenye mota ya fokasi aina ya STM, haisikiki kwenye video, na siku hizi bila video hulipwi.

Ila kaka usidanganyike, usiku ukumbini zote mbili ni vipofu. Ukivuta mpaka 135 uko f/5.6 (kipimo cha tundu la mwanga, namba ikipanda tundu linabana), taa zenyewe za rangi, kamera inahangaika kutafuta fokasi huku mama wa bwana harusi ameshapita. Hapo mimi naweka 50 ya f/1.8. Mwalimu atatupa hesabu ya mwanga.

#6 MwalimuMstaafu
5.6 gawa kwa 1.8, jibu lizidishe kwa lenyewe: karibu mara kumi ya mwanga. Tofauti ya f/5.6 na ile f/6.3 ya Tamron ni ndogo, kama robo hivi. Watu wanaipigia kelele kuliko inavyostahili.

#7 SimuTupu
Laki tano? Ongezeeni kidogo mchukue simu kali. Kamera za nini zama hizi.

#8 BiKamera
SimuTupu tupia picha moja ya jahazi uliyopiga kwa simu ukiwa ufukweni, umevuta mpaka mwisho. Tuko hapa hapa.

#9 KaoleMpya
Salamu kutoka Bagamoyo. Mmezungumza namba mkasahau tunaishi kando ya bahari. Adui wa lenzi huku ni ukungu. Nilinunua lenzi ya mtumba kwenye duka moja Dar, kwa nje inang'aa, mpira wa kushikia hauna hata mchubuko. Nyumbani nikawasha tochi ya simu, nikaimulika kwa nyuma na kuchungulia kwa mbele kwa mshazari. Kioo cha ndani kina nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zimeanzia ukingoni zinatambaa kwenda katikati na kuchipua matawi. Nikampigia mwenye duka, akasema hilo ni vumbi. Vumbi halina matawi.

Halafu lenzi hizi za moja-kwa-yote zinarefuka ukivuta. Kila ukivuta na kurudisha inanyonya hewa kama pampu ya baiskeli, na hewa ya kwetu ina chumvi. Masika ikifika ndiyo utajua. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi, uliza unaihifadhi wapi.

#10 FundiLenzi_Tanga
KaoleMpya nakazia. Nafungua lenzi kwa mikono yangu, najua. Ukungu ukiwahiwa unasafishika. Ukiachwa unakula ule utando wa rangi juu ya kioo, ukiufuta unabaki na alama yake, na picha za kupambana na jua zinakuwa na weupe hazina nguvu. Dawa ni boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, silika jeli ndani, na kile kipimo kidogo cha unyevu. Kikae kati ya 40 na 50. Usiweke lenzi kabatini ndani ya mkoba wa ngozi, ngozi yenyewe inafuga ukungu.

#11 MkongeDaima
Sisi tunaweka mchele.

#12 FundiLenzi_Tanga
Mchele una vumbi lake, na lenzi inayonyonya hewa italinyonya. Mchele pika na nazi.

#13 NgalawaMbili
Kwanini asichukue 55-250 STM akabaki na 18-55 yake? Gramu 375 na gramu 205, jumla 580. Hiyo 18-135 peke yake ina 480. Na 55-250 ni kali mno kwa bei yake, Saadani utaishukuru. Kwa ndege na viboko wa mto Wami 135 ni fupi, na 200 nayo ni fupi.

#14 BiKamera
Ngalawa, mtu kasema hataki begi. Umewahi kubadilisha lenzi ndani ya gari lililo wazi, barabara ya vumbi, twiga anaondoka? Au mchangani na upepo wa kusi? Vumbi likikaa kwenye sensa, kile kinachopokea picha ndani ya kamera, utaliona kila penye mbingu ya buluu, doa lile lile mahali pale pale.

#15 NgalawaMbili
Dada, ukifika porini weka 55-250 usiitoe. Twiga huhitaji 18.

#16 BiKamera
Na watoto walioko siti ya nyuma?

#17 NgalawaMbili
Simu ya SimuTupu 😂

#18 KaoleMpya
Samahani, hiyo Saadani mnaisema kana kwamba ni ya Tanga peke yenu. Sisi wa Bagamoyo tunaingilia kusini. Karibuni, mkimaliza mpite na Kaole mpige yale makaburi ya matumbawe, hapo 18 yenu itafanya kazi.

#19 MkongeDaima
Tuna Tongoni yetu, mgosi. Makaburi ya nguzo hayo hapo barabara ya Pangani.

#20 MtotoWaChumbageni
Shukrani wote. Nimeazima ile Tamron kwa mwenyewe nikaenda nayo soko la samaki Deep Sea. Kuanzia 18 mpaka kama 100 sina malalamiko. Nikivuta mpaka 200, kamba za mlingoti zinatoka laini, hazina makali, na pale mlingoti unapokutana na mbingu kuna mstari wa zambarau. Hii lenzi ni mbovu au ndivyo zilivyo?

#21 FundiLenzi_Tanga
Ndivyo zilivyo. Lenzi moja kuanzia pana mpaka ndefu ni mapatano: kila kioo kimewekwa kufaa pote, hakiwezi kuwa bora popote. Mwisho wake, tundu likiwa wazi kabisa, ndipo inapochoka zaidi. Hiyo zambarau ni rangi kutokukutana pamoja. Funga mpaka f/8 uone.

#22 MkongeDaima
Mkono wako unatetemeka mgosi. Lenzi inasingiziwa.

#23 KaoleMpya
Saa ngapi ulipiga? Mchana jua likiwa kali, hewa juu ya mchanga na maji inacheza. Hata uweke lenzi ya milioni kumi, kitu cha mbali kitatoka laini. Sisi hapa mchana hatupigi majahazi ya mbali, tunasubiri alasiri au alfajiri.

#24 BiKamera
Ina filta mbele? Nyingi za hizo filta za kinga za bei ya kutupa ni kioo cha dirisha kimekatwa duara. Kwenye 18 huoni kitu, kwenye 200 inaharibu kabisa.

#25 MtotoWaChumbageni
Saa nane mchana. 200, f/6.3, shata 1/160, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100. VC, ile ya kutuliza mtikisiko, imewashwa. Filta ipo, sijui ya kampuni gani, maandishi yamefutika.

#26 MwalimuMstaafu
Kanuni ya zamani: kasi ya shata isiwe chini ya moja kugawa kwa urefu wa lenzi. Kwa bodi za Canon zenye sensa ndogo kama hiyo unazidisha kwanza kwa 1.6, kwa hiyo 200 yako ni sawa na 320, na ulitakiwa 1/320 au zaidi. VC inakusaidia kushuka chini ya hapo. Lakini VC inatuliza mkono WAKO. Mashua iliyofungwa gatini inayumba na wimbi, na ncha ya mlingoti ndiyo inayosafiri kuliko kitu chochote kwenye mashua. VC haina habari na hilo. ISO 100 ulikuwa unaibania nini mchana? Weka 400, shata itapanda mpaka 1/640.

#27 MkongeDaima
Kwa maneno mengine mkono wako unatetemeka na mashua inatetemeka.

#28 Pweza_Mkavu
Tamron 18-200 haina VC. Ninayo tangu zamani, hakuna swichi yoyote ya hivyo. Jamaa kauziwa maneno.

#29 FundiLenzi_Tanga
Pweza, yako ni ile ya 2005. Iliyotoka 2015 ina VC na herufi zimeandikwa kwenye lenzi. Jina karibu lile lile na wauzaji wanalitumia hilo hilo kupiga watu. Canon nao wana 18-135 za aina tatu: ya 2009 yenye IS (ndiyo VC ya Canon) tu, ya 2012 ya STM, na ya 2016 ya USM. Ya kwanza ndiyo inayozagaa kwa bei ya kuvutia, mota yake inanguruma kwenye video. Mleta mada, hukuandika ya huyo jamaa wako ni ipi.

#30 MtotoWaChumbageni
Imeandikwa STM, nimetumiwa picha.

#31 Pweza_Mkavu
Sawa fundi, nimeona. Yangu itabaki ya makumbusho.

#32 NgalawaMbili
Kuna jingine hamjalitaja. Inawezekana fokasi imeangukia nyuma ya mlingoti. Ukichungulia kwenye kitundu, 700D inapima fokasi kwa sensa nyingine, si ile inayopokea picha, na lenzi inaweza isikubaliane nayo. Bodi kubwa zina sehemu ya kurekebisha hilo kwenye menyu, 700D haina. Piga kwa skrini ulinganishe.

#33 MwalimuMstaafu
Hapo Ngalawa umenena. Apime hivi: asubuhi, ukuta wa matofali, tripodi, VC izimwe, fokasi kwa skrini baada ya kukuza mara 10, saa ya sekunde 2 ili kidole kisitikise. Moja f/6.3, moja f/8. Ukuta hauyumbi.

#34 Mzee_wa_Gati
Na kule sokoni vijana hawakukudai hela? Mimi nikitoa kamera tu naambiwa "picha buku".

#35 MtotoWaChumbageni
Mzee wangu, nilinunua changu kwanza ndipo nikatoa kamera. Muuza samaki mwenyewe ndiye aliyeniita nimpige.

#36 KaoleMpya
Hiyo ndiyo njia. Huku kwetu mnada ukianza usitoe kamera kabla ya kusalimia, na wavuvi wakitaka kuiona picha waonyeshe. Na 200 isiwe kisingizio cha kupiga watu kwa kujificha, wanaiona hiyo lenzi ikirefuka.

#37 MtotoWaChumbageni
Leo asubuhi nimepima ukuta wa jirani kama alivyosema Mwalimu. Kwenye 200 kwa f/6.3, katikati mistari ya saruji kati ya tofali na tofali inaonekana lakini imelainika kidogo. Kwa f/8 imekaza, hadi vitobo vidogo vya saruji navihesabu. Pembeni bado butu kote kuwili. Filta nilivua. Ni nzuri kuliko zile za Deep Sea kwa mbali sana.

#38 BiKamera
Umevua filta! Nilisema mimi.

#39 FundiLenzi_Tanga
f/8 dada. Soma vizuri.

#40 KaoleMpya
Asubuhi. Hakuna joto. Nashukuru kwa kunithibitishia.

#41 NgalawaMbili
Kapiga kwa skrini, si kwa kitundu. Asante.

#42 MkongeDaima
Tripodi.

#43 MwalimuMstaafu
Kijana amebadilisha vitu vitano kwa mpigo, kila mmoja wenu atachukua ushindi. Ingekuwa darasani ningemrudisha akabadilishe kimoja kimoja. Na mimi ndiye niliyempa vinne kati ya hivyo.

#44 BiKamera
Tuache ukuta. Yeye ataishi na lenzi, hatafunga ukuta begani. Kaka, fungua picha zako za zamani za 18-55 uangalie zimepigwa kwa namba ngapi. Kama karibu zote ni 18 au 55, yaani umegota mwanzo au mwisho, utajua unakosa upana au unakosa urefu. Kama unakosa upana, hizi zote mbili hazikusaidii, zinaanza 18 ile ile. Kwenye vyumba vyetu vya uswahilini, bi harusi kitandani na mashangazi pande zote, mimi naikosa 16 kila wiki.

#45 MtotoWaChumbageni
Nimeangalia. Nyingi ni 55. 18 zipo chache, za ndani ya mapango ya Amboni, na hizo zimetoka giza vilevile.

#46 FundiLenzi_Tanga
Pangoni lete taa na tripodi, lenzi ya kuvuta haina kazi mle.

#47 MwalimuMstaafu
Basi neno langu kwa wanaoililia 200. Ukipiga kwa 135 kisha ukaikata picha ibaki na eneo ambalo 200 ingeona, katika pikseli milioni 18 za 700D unabaki na kama milioni 8. Kwa ukubwa wa A4 inachapishika bila aibu. Kwa hiyo 135 kali iliyokatwa na 200 laini isiyokatwa zinaweza kukutana njiani.

#48 MkongeDaima
"Zinaweza." Na 200 iliyofungwa f/8 pia unaweza kuikata ikawa 300. Mwalimu unapendelea.

#49 FundiLenzi_Tanga
Mkonge leo kasema la maana. Na msimwongopee, 18-135 kwenye 135 nayo si wembe. Faida yake kwangu ni mota, video, na kwamba JPEG ya kamera inasahihisha zile rangi za ukingoni kwa lenzi za Canon inazozitambua. Tamron haifanyiwi hivyo, utasafisha kwenye kompyuta. Faida ya Tamron ni wepesi, gramu 400, na hiyo 200. Ya mtumba ikiwa na ukungu na ya karibu mpya ikiwa safi, chukua safi hata kama jina hulipendi.

#50 MtotoWaChumbageni
Jumamosi nakutana na mwenye 18-135. Niangalie nini pale pale?

#51 KaoleMpya
Tochi kwanza, mbele na nyuma, kwa mshazari.

#52 FundiLenzi_Tanga
Vuta na rudisha polepole sikio likiwa karibu. Ukisikia kukwaruza, ni mchanga, ondoka. Ielekeze chini: ikishuka yenyewe imelegea, si ugonjwa wa kufa lakini ni sababu ya kuteremsha bei. Weka f/11, bonyeza kile kitufe cha mbele ya bodi kinachofunga tundu kabla ya kupiga, chungulia, giza lazima liongezeke. Washa IS, usikilize, kisha piga kitu kwa 1/30 ukiwa 135. Jaribu fokasi karibu na mbali. Na ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi usikimbilie kutoa kamera, itatoka jasho. Iache ndani ya mfuko ipate joto la nje kwanza.

#53 BiKamera
Na nenda na memori kadi yako. Usikubali kuangalia picha kwenye skrini yake tu, kila picha ni nzuri kwenye skrini ndogo.

#54 NgalawaMbili
Ukiwa na laki nne na themanini mfukoni kumbuka 55-250 ipo duniani. Nimemaliza.

#55 MkongeDaima
Mwanzie laki nne kamili. Mwambie unatoka Chumbageni, hamna hela kule.

#56 Chakubanga_Jr
Wakuu nimepita, mimi wa Pangani nina Nikon D3200. Nimepata AF-P 18-55 mpya kwa bei poa, na kuna mtu ana 18-105. Nichukue ipi?

#57 FundiLenzi_Tanga
AF-P kwa D3200 fokasi haitajiendesha, hata kwa mkono haitakubali. Iache. Bodi yako haina mota ndani, tafuta iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake yenyewe. Hiyo 18-105 ni AF-S, na ukiona 18-140 iangalie pia. Mengine fungua uzi wako, huu bado tunasubiri Jumamosi.